Usukani wa Watiri

Mwaka ule wa sitini na tisa, basi la Karatina likikaribia mji wa Nyeri, Watiri alimwambia mzee asiyemjua aliyeketi kando yake kwamba anakwenda kufanya mtihani wa udereva. Mzee huyo, fundi cherehani aliyeitwa Abdulatif, akamuuliza kama ni mara yake ya kwanza.

"Si ya kwanza. Mwezi uliopita gari ilirudi nyuma kwa mlima, mtu wa mtihani akaruka nje."

Abdulatif alicheka kwa adabu, yaani aligeukia dirishani kwanza. "Kwenu hakuna mwanamume, mama?"

"Bwana yangu alikufa, akaacha lori. Shemeji yangu anataka kuiendesha, ati anipelekee kabichi sokoni."

"Basi mwachie. Huyo ni ndugu."

"Mzee, akishika usukani leo, kesho atashika shamba." Watiri aliyasema hayo polepole, kama mtu aliyeyarudia peke yake jikoni.

"Shemeji ni kama mume," alisisitiza Abdulatif, ambaye hakuwahi kumwona shemeji huyo.

"Mimi sitafuti mume. Nataka kuwa dereva."

"Na mlima ukikushinda tena?"

Basi likasimama. Watiri akainama, akavua viatu vyake vya kanisani na kuvitia kiondoni. "Hivi ndivyo vilivyoniangusha, sikusikia klachi chini ya mguu," alisema, akashuka miguu mitupu kwenye tope baridi, Abdulatif akiwa bado anasema "lakini".