Kigari cha Rispah

Jumamosi asubuhi, kijiweni kwa Wahu muuza kahawa, nje kidogo ya Kitale, tuliacha hata siasa tukazunguka kigari cha Nehemiah. Alikuwa amekiunda mwenyewe kwa vyuma na injini ndogo ya petroli, ili mkewe Rispah, aliyevunjika nyonga na hawezi tena kupanda pikipiki, arudi kuimba kwaya. Lakini Jumapili iliyotangulia, katikati ya mlima, injini ilinguruma na magurudumu yakakataa kuzunguka. Waumini wakawasukuma hadi kanisani. Rispah akaona aibu, akasema hapandi tena.

— Nikikanyaga inanguruma tu, — alisema Nehemiah. — Na kunanuka raba imeungua.

— Hiyo ni klachi imekwisha, — akasema Mukhisa, tuliyemwita Injinia kwa sababu aliwahi kufungua redio.

— Klachi ni mpya, bana.

— Basi ndiyo shida. Bado haijajua kazi.

Kabiru muuza mahindi, ambaye kijiweni ni Daktari, aliinama akaisikiza injini kama kifua cha mgonjwa.

— Hii belti ya kuzungusha magurudumu ulitoa wapi?

— Kwa posho mill ya kusaga mahindi, huko Tongaren.

— Si ndiyo hiyo! Belti ya posho mill imezoea kuzunguka ikiwa mahali pamoja. Sasa ati unaiambia isafiri?

— Na tena huu mlima umeongezeka, — Injinia akadakia. — Zamani nilikuwa naupanda na baiskeli. Siku hizi siwezi.

Wahu alicheka hadi kahawa ikamwagika. Nehemiah hakucheka.

— Kesho ni Jumapili, — alisema.

Hapo akafika Jentrix, fundi wa mashine za kupukuchua mahindi, akitaka kikombe kimoja tu aende zake. Alipitisha kidole juu ya belti, akakiinua. Kilikuwa cheusi, kinang'aa.

— Nani alipaka hii grisi?

Injinia akaangalia viatu vyake. Mwishowe Nehemiah akasema polepole:

— Ni mimi. Ilikuwa inalia. Rispah akasema inaita watu wamwangalie.

— Mzee, belti inavuta kwa kushika. Ukiipaka mafuta, itashika nini? Ilikuwa inalia juu ya kulegea.

Nehemiah alikimbia mjini kununua belti nyingine. Jentrix akafuta puli zote zinazoshika belti kwa petroli hadi zikakauka, akaisogeza injini nyuma kidogo, belti ikakaza. Kisha tukampandisha Daktari, maana ndiye mzito kuliko sisi sote. Kigari kikamfikisha juu mlimani bila harufu yoyote.

Jumapili tulisimama kando ya barabara, karibu na kanisa, tumevaa mashati safi. Wakapita, Rispah ndani ya joho la kwaya, ameshika chuma kwa mikono miwili. Kwenye lango la kanisa Nehemiah akapunguza mwendo.

— Usisimame! — tulimsikia Rispah sote. — Zunguka kwanza na barabara ya sokoni. Wacha wanione.