Mchemraba Usio na Mwenyewe

Kijiwe chetu ni benchi moja refu ubavuni mwa duka la kinyozi, na mimi mshona viatu ndiye jirani yake, kwa hiyo yanayosemwa pale nayapata yote hata nisipotaka. Asubuhi ile kahawa ilikuwa imeshazunguka mara moja na gumzo lilikuwa moja tu. Mwalimu wa hesabu, dada yake Kinyozi, alikuwa ameambiwa na kamati ya shule aifute kwenye kompyuta zote ile programu anayochorea maumbo, la sivyo aache darasa. Aliyempelekea agizo alikuwa amekaa katikati yetu: mjumbe wa kamati, karani mstaafu wa mahakama. Tunamwita Pingamizi, maana hata ukimwambia habari za asubuhi atataka ushahidi.

— Mimi sina ugomvi na dada yako, Pingamizi alimwambia Kinyozi. Ila ile programu haina risiti, haina leseni, haina mwenyewe. Ikiharibu kitu, tumshtaki nani?

— Iharibu nini, mzee? Inachora maboksi.

— Maboksi ndiyo mwanzo, alidakia Breki. Huyu ameendesha malori maisha yake yote, na akishaanza kusema hasimami, ndiyo asili ya jina. Hujajiuliza kwa nini ni ya bure? Kuna kitu wanachukua.

— Wanachukua nini?

— Michoro. Mtoto anachora piramidi hapa, kule kuna mtu anaipokea. Wakishazipata za kutosha wanajenga mji mzima, sisi hata ahsante hatupewi.

— Mji wa piramidi? Makabati wataegemeza wapi, na kuta zote zimelala?

— Ndiyo maana wanataka na michemraba.

Pingamizi alisogea mbele, sauti akaishusha.

— Mimi nimeambiwa lile tufe la kwenye programu likizunguka, linapiga picha. Chumba kizima. Linajua mpaka mlango uko wapi.

Hapo hata Kinyozi, aliyekuwa akimtetea dada yake, alisita na wembe mkononi.

— Lile tufe kweli silielewi, alikiri. Juzi lilizunguka kwenye laptopu ya dada na hakuna aliyeligusa.

— Umeona? Breki alisema. Hilo tayari lina akili zake.

Mwalimu alitokea wakati huo huo, laptopu kwapani. Alikuwa ameyasikia ya mwisho, lakini hakucheka, wala hakukaa.

— Shikamoo, mzee.

— Marahaba, mwanangu. Umeshaifuta?

— Sijaifuta. Na siifuti.

Pingamizi aliweka kikombe chini.

— Mwalimu, ubao upo. Chaki ipo. Sisi tulisoma hivyo hivyo.

— Nikichora mchemraba ubaoni, wanaona miraba miwili iliyounganishwa kwa vijiti. Nikiuliza una nyuso ngapi, wananihesabia zile zinazowatazama. Tatu. Kila mwaka wananiambia tatu, na kila mwaka mnaniuliza kwa nini wanafeli. Humu naandika kona ziko wapi, ipi inaungana na ipi, mwanga unatokea upande gani, basi umbo linasimama. Wanaligeuza wenyewe mpaka waone lililojificha nyuma.

— Sikatai. Lakini programu haina mwenyewe.

— Ina wenyewe wengi, mzee. Huko si kukosa mwenyewe. Maandishi yaliyoiunda yako wazi, anayeyajua anayasoma, mwenye cha kurekebisha anarekebisha. Na leseni inayo. Inasema yeyote aitumie na amgawie mwenzake.

Alisukuma kando viatu mezani kwangu, akaifungua laptopu.

— Soma hapo juu.

Pingamizi alivaa miwani.

— Mchemraba, alisoma pole pole. Tufe. Mcheduara. Piramidi. Aliinua macho. Hiki ni Kiswahili.

— Hakikuwemo. Nimeyaandika mimi maneno hayo, nikawatumia wanaoitengeneza, wakayakubali. Sasa kila anayeifungua kwa lugha yetu anayakuta. Kwa hiyo kama unatafuta wa kumshtaki, mmojawapo ni mimi. Nipo hapa.

Mteja wa Kinyozi alikuwa amegeuka kitini, shavu moja limenyolewa na jingine bado, anasikiliza.

— Na lile tufe? Breki aliuliza, safari hii kwa sauti ndogo.

— Nililiambia lizunguke, likazunguka.

Mama mmoja nisiyemjua alikuwa amesimama pembeni ameshika kiatu cha mtoto, soli imeachia mdomo. Nilidhani anangoja nimhudumie. Kumbe alikuwa akingoja nafasi ya kusema.

— Samahani, wazee wangu. Mwanangu yuko darasa la huyu mwalimu. Mkishaifuta hiyo, mtawapa nini badala yake?

Breki alimtazama Pingamizi. Pingamizi alitazama ndani ya kikombe, na hakikuwa na kitu. Kinyozi akarudi kwenye lile shavu lililobaki. Mimi nikajishughulisha kutunga uzi kwenye sindano iliyokwishatungwa.

— Nauliza tu, mama alisema.

Mwisho Pingamizi akavua miwani, akaikunja, akainuka.

— Kamati itakaa, alisema.

— Ikae, Mwalimu alimjibu, huku akifunga laptopu yake. Mimi kesho asubuhi nitakuwa nimesimama darasani.