Nyamoita, Mwalimu wa Vijiti

Wasikilizaji wapendwa, kama una sufuria mekoni, punguza moto kidogo ukae. Leo tunamkumbuka mama mmoja ambaye jina lake halijawahi kutajwa redioni. Anaitwa Nyamoita. Nyamoita alifundisha watoto wadogo kujenga. Alizikwa Jumamosi iliyopita, akiwa na miaka hamsini na tisa, na tusimpambe kwa jambo ambalo hakuwa nalo: alikwenda na uchungu moyoni.

Alizaliwa milima ya Kisii. Baba yake alikuwa fundi wa maghala ya wimbi, na Nyamoita ndiye aliyekuwa akimpa fito, moja moja, tangu hajang'oa meno ya utoto. Alisoma mpaka darasa la nne. Akaolewa, akaja na mumewe huku Kericho, shamba moja la chai upande wa Kapsoit. Mume alichuma chai. Mwaka wa 1964, Nyamoita akapewa watoto wa wachumaji, wale wa miaka minne na mitano, awatunze kwenye banda la mabati mwisho wa kambi. Watoto arobaini na zaidi kila mwaka. Ubao mmoja, nao umepasuka. Chaki hakuna.

Basi akaenda kwa seremala wa kiwandani, akaomba vipande vya mbao vilivyobaki wakitengeneza masanduku ya chai. Akavikata kwa msumeno wa kuazima. Akavisugua kwenye jiwe mpaka visiwe na kibanzi hata kimoja cha kumchoma mtoto. Vingine alivipa urefu wa kiganja, vingine urefu wa mkono, na alihakikisha vijiti viwili vya kiganja vinatoshana na kimoja cha mkono, bila kuzidi wala kupungua.

Watoto wakajenga. Nyumba, zizi, ghala, daraja. Fito nne zikifungwa pamoja na zikayumba, Nyamoita aliwaonyesha fito ya tano, ile ya kushika pembe hii na pembe ile. Aliiita shangazi. "Nyumba bila shangazi inacheza ngoma," aliwaambia. Tena alikuwa na sheria moja. Kitu kikianguka, hakuna kulia, hakuna kumsukuma mwenzako. Mnachuchumaa wote, mnaangalia kilianza kuanguka wapi.

Binti yake Phelis anasema, "Hata nyumbani ilikuwa hivyo. Ukivunja kikombe, mama haulizi nani amevunja. Anauliza kikombe kilikuwa kimekaa aje."

Lakini wasikilizaji wapendwa, si wote waliompenda kwa hilo. Siku moja mama mmoja mchumaji, Rebeccah, alimburuta kijana wake mpaka mlangoni pa banda.

"Mama Phelis, mimi nanyeshewa huko kwa majani ndio huyu asome. Anarudi na matope mpaka kwa masikio, na hata a-e-i-o-u hajui. Wewe ni mwalimu ama ni mchungaji?"

"Mwambie akujengee daraja uone."

"Daraja nitapika na nini, na kitunguu?"

Wanawake wakacheka mpaka vikapu vikawatoka mgongoni. Tangu siku hiyo kambi nzima ikamwita Mwalimu wa Vijiti.

Maneno yakafika kwa Bosire, mwenyekiti wa kamati ya watoto. Bosire alikuja mwenyewe.

"Mama, mkaguzi anakuja mwezi wa tatu. Akisema huu ni mchezo, saa yako ya kujenga imekwisha. Vijiti vinaenda jikoni."

"Na akisema ni masomo?"

"Akisema ni masomo, nitanyamaza."

Basi kila kitu kikafungwa kwenye siku hiyo moja. Mwezi wa tatu, 1971. Saa ya kujenga ibaki au iondoke, kwa neno la mtu mmoja.

Siku ilifika, na usiku wa kuamkia mvua ilikuwa imenyesha. Mbele ya banda kulikuwa na mfereji, upana wake hatua mbili za mtoto. Watoto walikuwa wamejizoeza wiki mbili kuujengea daraja la fito. Mkaguzi na wageni wenzake wakakalia viti vya ofisini. Watoto wakapanga, wakafunga, wakamaliza. Chemutai, wa miaka mitano, akakanyaga kwanza. Daraja likalala upande, Chemutai akakaa kwenye maji.

Wageni wakacheka. Chemutai hakulia. Alichuchumaa humo humo majini, akaangalia. "Kogo," akamwita Nyamoita, kama watoto wa Kipsigis wanavyomwita nyanya, "ni huku. Huu mguu umezama. Unataka kiatu."

Wenzake wakatawanyika kutafuta jiwe bapa. Na saa hiyo hiyo Bosire akasema chai iko tayari ofisini.

Nyamoita akamfuata mkaguzi. "Bwana, dakika kumi tu."

"Mama, tumeona," akajibu, akaenda zake.

Sasa msikilize Chepkirui, aliyekuwa mpishi wa uji. "Nilikuwa na mwiko mkononi. Wakaweka mawe chini ya miguu, wakaongeza shangazi kila upande. Wakavuka. Wote arobaini na wawili nimewahesabu. Nikakimbia ofisini kuita wageni. Walikuwa kwa mandazi. Wakasema watakuja. Nyamoita alisimama hapo kando ya daraja mpaka gari yao ikapita."

Kwenye kitabu cha wageni mkaguzi aliandika: watoto wana afya njema, wanacheza tu.

Jumatatu vijiti vikapelekwa jikoni. "Uji wa siku hiyo niliupika na kuni za Nyamoita," anasema Chepkirui. "Mimi sikuunywa."

Nyamoita aliandika barua nne kuomba mkaguzi arudi. Hakuna iliyojibiwa. Akafundisha a-e-i-o-u miaka mitano zaidi, watoto wakaimba vizuri, Bosire akamsifu mbele ya wazazi. Mwezi uliopita, Nyamoita akiwa kitandani hospitalini, Phelis alimwambia, "Mama, sahau hiyo maneno." Nyamoita akasema, "Wangengoja tu uji upoe."

Wasikilizaji wapendwa, Nyamoita ametutoka mwaka huu wa 1977. Kwa mumewe, kwa Phelis na ndugu zake, kwa Chepkirui, na kwa wale arobaini na wawili popote walipo, tunasema poleni sana. Mungu awashike.

Na wewe uliye nyumbani, huenda leo jioni mtoto atapanga vitu vyake hapo mlangoni na vitaanguka. Najua umechoka, umeinama kwenye majani ya chai kutwa nzima. Usimcheke. Usiondoke kitini bado. Keti hapo hapo, uangalie atashika kipi kwanza.