Bohumír Navrátil Anastaafu kwa Mara ya Tatu

Leo ni Jumatatu, tarehe 1 Julai 2024. Ijumaa iliyopita Bwana Bohumír Navrátil, fundi mkuu wa sakafu ya kuoteshea shayiri, alistaafu rasmi baada ya miaka hamsini katika kiwanda chetu cha kimea, ukitoa miezi michache ambayo tayari alikuwa mstaafu. Mwandishi wa wasifu huu ametimiza miaka hamsini na miwili tangu aondoke Tanga kuja kusoma huku Moravia, nchini Cheki. Kwa kuwa ndiye aliyemuaga Bwana Navrátil katika jarida hili mwaka 2019, na tena mwaka 2021, ofisi imeona aendelee tu, maana ameshazoea.

Naam, huu ni wasifu wa tatu. Miwili ya kwanza bado imebandikwa ukutani kwenye chumba cha chakula, na kila kilichoandikwa humo ni kweli isipokuwa sentensi ya mwisho. Sentensi hiyo ilisema kwamba hatarudi.

Tulipaswa kujua. Jina Navrátil maana yake ni “alirudi”. Ni jina la zamani, la aina ambayo sisi wa Moravia tunayo kwa wingi: linataja kitendo kimoja alichofanya babu wa mababu, na majirani wakakataa kukisahau. Yupo Pospíšil, aliyefanya haraka. Yupo Doležal, aliyependa kujilaza wakati wenzake wanavuna. Navrátil wa kwanza aliondoka kijijini, akahesabiwa kuwa amekufa au amemtoroka bwana wa shamba, kisha siku moja akasimama mlangoni akiuliza kumepikwa nini. Huenda alitoka vitani, huenda alikuwa akizunguka na ufundi wake, huenda mji ulimshinda. Jina halisemi. Halisemi hata kama mkewe alifurahi kumwona.

Inaelekea walirudi wengi. Jina hili limo katika yale yaliyojaa nchini kote, ingawa halilikaribii Novák, linaloongoza, na hapa Haná, tambarare yetu ya shayiri, ukiliita kwa sauti sokoni utasimamisha biashara. Kiwandani petu tuliwahi kuwa na wanne kwa wakati mmoja. Walisema hawana undugu, na hakuna aliyetaka kuchimba zaidi. Tuliwatofautisha kwa kazi zao: Navrátil wa Tanuri, Navrátil wa Magunia, na mama mmoja, Bi Navrátilová wa Hesabu. Bohumír alikuwa Navrátil wa Sapatu.

Sote tunavua viatu mlangoni, na kila mtu ana sapatu zake za kuvalia ndani chini ya benchi. Za Bohumír zilikuwa za sufu nzito, zimeshonwa na mkewe Vlasta, kwa sababu shayiri inayoota sakafuni ni laini na haitaki kupondwa. “Ukiikanyaga kwa kiatu itakununia,” aliwaambia wageni wa kazi, “na ikinuna, bia nayo itanuna, na wanywaji watakuja kununa hapa mlangoni.” Alianza mwaka 1974 akiwa kijana wa miaka kumi na minane, akipindua shayiri kwa koleo la mbao. Mashine ya kupindulia ilipoletwa, aliipokea kwa heshima zote, kisha akawa anaifuata nyuma na koleo lake, akisahihisha. Mwaka wa mafuriko ndiye aliyetusimamia kupandisha mbegu ghorofani, akitutukana kwa upole mpaka gunia la mwisho likafika pakavu. Kila fundi aliyepo leo amefundishwa na yeye, na kila mmoja ameitwa mbumbumbu walau mara moja.

Mwaka 2019 tulimuaga kwa saa ya ukutani na hotuba tatu. Wiki tatu baadaye akatokea, akasema amesahau sapatu zake. Alizivaa ili aone kama bado zinamkaa. Akaingia sakafuni mara moja tu, akachovya mkono katika shayiri, akauliza ni nani aliyeiacha ipate joto namna hii. Jioni alikuwa bado yupo.

Mwaka 2021 tulimpa fimbo ya kuvulia samaki, ya bei. Mara hii alirudi kuchukua sinia la Vlasta lililobaki kwenye sherehe, lakini alilisahau tena na badala yake akabaki mwenyewe. Sapatu zilikuwa palepale chini ya benchi. Hakuna aliyezigusa, na hakuna aliyeshangaa.

Wakati huo wote utani ulikuwa mwingi, na sehemu yake ilimwangukia mwandishi. “Na wewe mzee, kwenu Afrika unarudi lini?” vijana huuliza kila sherehe inapochangamka. Siku zote Bohumír alijibu kabla yake: “Mwacheni. Kurudi ni kazi ya ukoo wetu, hatuwapi wageni.” Kwa jibu hilo mwandishi anamshukuru kuliko anavyoweza kueleza hapa.

Mwezi Mei mwaka huu, Vlasta alikuja mwenyewe. Aliingia chumba cha chakula wakati wa supu, kikapu mkononi, akasimama mbele ya meza yetu.

“Jamani, mimi niliolewa na mtu anayeitwa Alirudi,” alisema. “Miaka arobaini na tano. Sijawahi kumwona akirudi kwangu. Anarudi kwenu tu.”

“Vlasta, watu wanakula,” Bohumír alinong’ona.

“Wale. Kila Ijumaa naenda kwenye kibanda chetu milimani peke yangu. Viazi napanda mwenyewe, plamu nachuma mwenyewe. Majirani wanadhani mimi ni mjane. Nimeshapewa pole!”

“Pole na nani?”

“Na Doležal wa kibanda cha pili. Akaleta na maua.”

Kijiko cha Bohumír kilisimama hewani. Radana Pospíšilová, ambaye amengojea nafasi ya fundi mkuu tangu ile saa ya ukutani, alicheka mpaka supu ikampalia.

“Ijumaa ya mwisho ya Juni naondoka,” Vlasta alimalizia, “na sishuki mpaka theluji ianguke. Anayetaka kula kwangu aje nami siku hiyo. Asipokuja, maua nitayatia maji.”

Basi Ijumaa hiyo tulijipanga. Chakula kilikuwa mikate midogo ya plamu na jibini la kwetu, lile linalonuka, vyote kwenye sahani za karatasi ili kusibaki chombo cha mtu. Koti lake tulimvisha. Funguo alimpa mkurugenzi. Koleo la mbao alimkabidhi Radana kwa mikono miwili, akamwambia, “Shika, mbumbumbu,” na wote wawili wakageuka kutazama ukuta. Nje Vlasta alikuwa tayari kwenye gari, anapiga honi. Bohumír akatoka, akapanda, tukapunga mikono mpaka gari likapinda kona.

Ndipo Radana alipochungulia chini ya benchi. “Viatu!” alipiga kelele. “Kaacha viatu! Jumatatu yupo hapa!”

Mkurugenzi alisema neno ambalo jarida hili halichapishi. Radana alirukia baiskeli ya mlinzi na kuondoka, viatu vikining’inia kwenye usukani kwa kamba zake, haraka kama ukoo wa Pospíšil unavyotarajiwa. Aliwapata kwenye njia ya reli, mahali ambapo kizuizi kilikuwa kimeshushwa kungojea treni ya mizigo. Alivirusha viatu ndani kupitia dirisha la Vlasta.

“Umesahau!” alisema akihema.

Bohumír alinyoosha mguu kidogo amwonyeshe. Alikuwa amevaa sapatu.

“Sikusahau,” alisema. “Viatu ni vya kwendea. Sapatu ndizo za kukalia, nami naenda kukaa. Hivyo viatu nimemwachia mlinzi.”

Kizuizi kilipopanda Vlasta aliondoa gari taratibu, na Radana anaapa kwamba alimwona akijifuta jicho kwa mkono uleule uliokuwa ukipiga honi.

Bwana Bohumír, asante kwa miaka hamsini ya kimea kizuri na matusi ya upole. Tunakutakia magoti yasiyouma, plamu nyingi, samaki wajinga, na jirani anayepata uvivu wa kuleta maua. Bi Vlasta, samahani kwa kukuchelewesha.

Asubuhi ya leo mwandishi alipita kwenye benchi. Chini yake zipo sapatu za Radana, mpya, bado ngumu. Navrátil hatarudi.