Picha Niliyomsimulia Mama Mkwe

Assalaam alaikum, mama zangu. Mmetaka niseme, nami nasema bila kujipamba, maana wengi wenu hapa Ng'ambo mliuonja ukali wangu.

Mume wangu alikwenda Burma na askari wa Keya, jeshi la Mwingereza. Pale bandarini aliniambia, "Mwangalie mama." Hakurudi; ilikuja barua tu kwamba amefia huko. Mama yake macho yalikwisha kufunikwa na mtoto wa jicho. Nikamwogesha, nikamlisha, nikashona kofia tukala.

Kisha akaja fundi seremala kututengenezea mlango. Mgane, mpole. Siku ya tatu mlango umepona, mimi nimeugua. Alipoleta posa nilikataa kimya kimya, kwa sababu ya ile ahadi. Mama mkwe sikumwambia neno. Ndugu zangu, nawaambia, hapo ndipo nilipoharibika. Nilianza kumchukia. Siku moja aliomba maji nikajifanya sipo. Akapapasa ukuta mpaka mtungini, nami namtazama tu. Naona haya mpaka leo.

Jumapili moja alasiri ikatangazwa sinema ya wanawake peke yao. Mama mkwe akataka twende, nimsimulie. Subhanallah! Uso wa mwanamke umejaa pazia zima, chozi lake ungeweza kulikinga kwa ndoo. Nilisahau hata kupumua. Analia kwa Kihindi, na Kihindi sikijui hata chembe. Basi nikamnong'oneza mama nilivyobahatisha: huyu ameachiwa mkwe, na nje yupo mwanamume anayemsubiri. Anasema anampenda, ila mama huyu atamwacha na nani? Nikaendelea, machozi yananitiririka, wala pazia silitazami tena.

Mama akanishika mkono. "Mwanangu, wenzako wote wanacheka. Hayo unayoyasema ni ya nani?"

Nikainua uso. Watu kwenye picha walishaanza kucheza ngoma.

"Ni yule fundi," akasema. "Mlango mmoja, siku tatu. Nilijua tu. Nikangoja uniambie."

Mama zangu, asiyeona alikuwa ameniona mzima mzima.

"Alete posa," akasema. "Lakini anatuchukua wawili."

Fundi alikubali kabla mshenga hajamaliza kusema. Namshukuru yeye, na ninyi mlionipikia harusi. Nililojifunza ni hili: unayemtumikia, muulize na yeye. Msimwamulie mtu moyo wake mkaja kumchukia kwa jibu ambalo hakulitoa.

Na mama mkwe mwenyewe huyo hapo mkekani, mmekaa naye. Mama, mbele ya hawa wote, nisamehe. Na ahsante.