Papa Kayumba Cyprien (1921–1986), Aliyeazima Mto Tshopo

Ndugu, majirani, na ninyi nyote mliokaa nasi kwenye kilio tangu Jumapili: familia imeniomba mimi Odile, mtoto wa binti yake Florentine, nisome maisha ya babu yetu. Mtaa mzima ulimwita Papa Kayumba. Na mimi nitamwita vile.

Papa Kayumba Cyprien alizaliwa tarehe 9 Machi 1921 karibu na Kasongo, katika Maniema, mtoto wa tatu wa Assumani Kayumba na Binti Sikujua. Alisoma miaka mitano katika shule ya misheni. Hesabu haikumkubali. Kila alipokosea, mwalimu alimpa adhabu ya kumwagilia maua, mpaka mwalimu akagundua kwamba mtoto huyu anakosea makusudi. Padri akaambiwa, akacheka, akampa ndoo iwe yake.

Mwaka 1940 alipanda hadi hapa Kisangani, wakati huo ikiitwa Stanleyville, akaandikwa kazi katika bustani za mji. Alifanya kazi hiyo miaka thelathini na tisa. Mwaka 1964, vita ilipopita, alikuta magari yamekanyaga kila kitu alichopanda. Wenzake walikuwa wamekimbia. Alianza upya na ndoo moja, peke yake, na watu waliokuja kuuliza habari za ndugu zao walimkuta anapanda.

Tarehe 12 Juni 1948 alimwoa bibi yetu Germaine, wa Isangi. Siku ya kujionyesha kwa wakwe alipeleka kila kitu walichomwomba, akaongeza shada la maua. Wajomba wa bibi waliligeuzageuza, kisha mmoja akauliza, "Na haya majani, inapikwaka namna gani?" Bibi anasema ni hapo alipoamua kuolewa naye, ili asibaki peke yake na watu wale.

Sasa nifike kwenye safari yake, maana watoto wa mtaa wataniuliza nikiiruka. Mwezi wa Mei 1974 alichaguliwa katika ujumbe wa wafanyakazi wa miji uliokwenda China majuma sita. Aliondokea uwanja wa ndege wa Simi-Simi na sanduku la kuazima. Huko Peking walionyeshwa bustani za wafalme wa zamani. Mimi nilisikia habari hizi mara nyingi, na kila mara nilitaka tena. Mfalme mmoja alipanua ziwa kwa ajili ya sikukuu ya mama yake, aliyekuwa anatimiza miaka sitini, na udongo uliotoka humo haukutupwa: ulipandishwa juu ya kilima kikawa kirefu zaidi. Ukingoni mwa ziwa hilo kuna mashua ya mawe ambayo haijawahi kwenda popote. Wafalme wengine joto lilipowashinda walihamia bustani za milimani na serikali yao yote, wakatawala kutoka kivulini. Na mwananchi wa kawaida hakuruhusiwa hata kuchungulia. Ilipita miaka mingi, wafalme wakaisha, ndipo milango ikafunguliwa, na sasa watoto wanakula peremende pale alipokaa mfalme.

Lakini kilichomshika zaidi si majumba. Walipelekwa mahali palipokuwa bustani kubwa kuliko zote, iliyochomwa na askari wa Uingereza na Ufaransa mwaka 1860. Alikuta nguzo za mawe zimesimama katikati ya mashamba, na wakulima wanapalilia. Alivua kofia. Mkalimani akamwuliza kama anaumwa. Akamjibu, "Hapana. Ni kazi ya mwenzangu."

Aliporudi alitaka kutuonyesha. Kila Jumamosi, salongo, kazi ya lazima ya kusafisha mtaa, ikimalizika, majirani walibaki na majembe yao, na mwaka 1975 kiwanja chetu hapa Tshopo kikawa na ziwa la hatua kumi na mbili, kilima cha udongo wake kinachomfika mtu mzima kifuani, na daraja la mbao lenye kona tatu, ili mtu asiharakishe. Alikosea jambo moja. Hakupata maua ya maji kama ya kule, akaweka congo ya sika, gugu lile linaloelea, kutoka mtoni. Katika majuma matatu maji hayakuonekana tena, na mbuzi wa jirani yetu, Tonton Paluku, alidhani ni malisho, akatembea juu yake hatua mbili. Tulimtoa kwa kamba. Papa Kayumba aliomba radhi, akang'oa yote kwa mkono. Mlango wa bustani aliuacha wazi kila Jumapili. "Miye si mufalme," alikuwa anasemaka.

Kilichobaki ni mto. Alitueleza kwamba mabwana wa bustani wa kule hawakuishia kwenye ukuta wao; waliazima mlima wa mbali na kuupanga uonekane kama ni wa kwao. Yeye aliazima mto Tshopo. Alipunguza miti upande wa chini, na mtu akikaa kilimani, maji ya ziwa na maji ya mto yalionekana kuwa maji mamoja.

Mwezi wa Februari mwaka huu moyo wake ulichoka, miguu ikajaa maji. Tulimbeba kwa kiti hadi kilimani kila alasiri. Mwezi wa Agosti, Tonton Paluku, mwenye kiwanja cha chini, alileta matofali ya kujenga depo yake, ghala la chumvi anayouza. Ukuta ungefunga mto wote. Papa Kayumba alimwita.

"Paluku, kule China ukuta unakuwaka na tundu la muviringo, kama mwezi. Unajenga, lakini haufungi."

"Mzee, chumvi yangu itakuwa inalala mule. Mwizi haazimake, anachukuaka tu."

"Bon. Kaa kwanza kwa kiti yangu."

Tonton Paluku alikaa. Mtumbwi mmoja ulipita taratibu. Akainuka. "Nimeona maji, mzee. Maji naonaka kila siku." Akaenda zake, na ukuta ukaanza kupanda. Papa Kayumba hakumsema vibaya. Alituambia tu tumgeuzie kiti kidogo upande wa kushoto, na juma lililofuata kidogo tena.

Alifariki nyumbani Jumapili tarehe 21 Septemba 1986, saa kumi alasiri, mkono wake katika mkono wa bibi.

Haya yanayofuata hayamo katika karatasi mlizoshika, maana stensili ilipigwa Jumatatu asubuhi. Jumatatu hiyo, tukiwa kwenye kilio, tulisikia mwiko ukigonga tofali upande wa chini. Mnajua kwetu hakuna anayejenga wakati jirani ana maiti. Tonton Hubert, mjomba wangu, mwana mkubwa wa marehemu, alishuka na hasira, nami nikamfuata.

"Tonton Paluku, papa angali ndani ya nyumba, na weye unajenga?"

Tonton Paluku alikuwa amesimama na fundi wake Alexis, wameegemeza gurudumu la lori ndani ya ukuta, na Alexis anazungushia matofali. "Hubert, nikingoja, nitabadilisha mawazo. Miye najijua," alisema. Kisha akauliza polepole, "Hii ukubwa inaenea? Mzee alisema mwezi, hakusema mwezi gani."

Gurudumu limetolewa jana. Tonton Paluku ameweka na vyuma katika tundu, kwa sababu ya chumvi. Mto unaonekana.

Papa Kayumba ameacha mjane, mama Germaine. Watoto wanne, Hubert, Florentine, Benoît na Virginie. Wajukuu kumi na saba, na majirani ambao jembe lao limo katika ziwa lile. Jumapili mlango utakuwa wazi kama kawaida, na kiti kimerudishwa mahali pake pa zamani.

Alale kwa amani, mtunza bustani wetu. Mto alioazima, hatutaurudisha.