Honi na Kamba za Buti Zake

Tarehe 30 Juni nyapara wetu wa ghala la nafaka, tunayemwita Honi, anastaafu baada ya miaka thelathini na miwili ya kazi. Alianza akibeba magunia kama sisi, akapewa toroli, halafu akapewa unyapara kwa sababu ya ile sauti. Akisema "Inua!" hapa ndani, madereva waliosinzia kwenye malori nje ya geti walikurupuka na kuwasha gari.

Walioajiriwa juzi hawamjui Honi yule. Alikuwa mkali, na alikuwa mgonjwa, ila la ugonjwa hakulisema. Mgongo ulikuwa umekaza hata hawezi kuinama. Kila alfajiri mkewe, Shemeji yetu, alipiga magoti akamfunga kamba za buti, na jioni akamfungua. Sisi tulidhani anatembea kifua mbele kwa majivuno. Ofisini nako walishaanza kunong'ona kwamba apumzishwe kabla ya wakati wake, na minong'ono ilimfikia. Baadaye alitueleza kwamba hakuogopa kuondoka. Aliogopa kuondoka akiwa gogo.

Shemeji ndiye aliyempeleka kwenye yoga, katika ukumbi mdogo juu ya duka la vitambaa. Siku hiyo Honi hutusimulia mwenyewe wakati wa chai, na bado tunamwaga vikombe kwa kucheka. Mlangoni kila mtu alivua viatu. Yeye akabaki amesimama na buti zake, akadai amekuja kuangalia tu. Mwalimu, binti wa umri wa kitinda mimba wake, akamwekea kiti.

"Baba, wewe usishuke. Ulete mguu juu, taratibu, huku unatoa pumzi."

Mguu ukaja mpaka nusu ya njia, ukagoma. Honi akaanza kuukaripia kama alivyozoea kutukaripia sisi.

"Usiugombeze, Baba. Leo umefika hapo, na hapo panatosha."

Honi anasema hajawahi kuambiwa na mtu kwamba nusu inatosha, wala yeye hajawahi kumwambia mtu hivyo.

Kesho yake alikuja kazini kimya. Jamani, tulitetemeka! Nyapara amesimama kando ya mizani, kafumba macho, anavuta pumzi puani. Tukaamua kuna watu wanapunguzwa kazi. Mama wa kantini akatangaza kwamba honi imekatika waya. Wengine walianza kuagana. Mwishowe tukamtuma mpima mizani, ambaye ni rika lake, akaulize nani anafukuzwa.

"Hafukuzwi mtu," Honi akamjibu. "Nasikiliza mgongo wangu, na nyinyi mnanipigia kelele."

Haikuwa miujiza. Kuna wiki mgongo ulirudi kulekule, na yeye naye akarudi kwenye matusi, kisha akapita kwa mmoja mmoja kuomba radhi. Lakini "Inua!" ilikufa polepole. Siku hizi tunasimama kwanza, tunahisi nyayo zikikaa sakafuni, tunatoa pumzi pamoja, ndipo gunia linapanda. Dereva mmoja mgeni alituuliza kama hili ni ghala au wodi ya wazazi.

"Ni wodi," Honi akasema. "Sogeza lori, mtoto anakuja."

Mimi natoka mbali, na kwetu sijaenda muda mrefu. Asubuhi moja alinisimamisha mlangoni akaniambia, "Mdogo wangu, mabega yako yapo masikioni. Huko nyumbani kuna nini?" Nilikuwa sijui kama mabega yamepanda. Niliposhusha, machozi nayo yakashuka, mbele ya watu, na Honi akawageuza wenzangu wote waangalie ukutani mpaka nimalize. Uchovu wangu haukuisha siku ile. Ila tangu hapo najua unakaa wapi, na jioni naushusha kabla ya kulala.

Mwaka jana Honi alifunga buti zake mwenyewe. Alikuja kazini akituonyesha mafundo kama mtu aliyepata mjukuu. Ofisi haikunong'ona tena, na ndiyo maana leo anaondoka kwa tarehe yake, kwa miguu yake. Aliyelalamika ni Shemeji. Kumbe ile dakika ya alfajiri, akiwa ameshika mguu wa mumewe na nyumba bado imetulia, ndipo walipokuwa wakiongea. Basi wakapatana: mguu wa kulia anafunga Honi, wa kushoto anafunga Shemeji.

Honi, tunakushukuru kwa sauti uliyotupa, na zaidi kwa kimya chako. Tulichanga tukakununulia buti mpya, zenye kamba ndefu kuliko zote dukani. Pumzika vizuri, uishi na afya na furaha. Na kila asubuhi, wa kushoto usiuguse.